Waambieni kabla mwili haujawaambia

Nilikuwa na miaka 12 nilipokojoa damu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa likizo ya Agosti, nyumbani kwa mama mdogo pale Minjila, nyuma ya kichaka ambacho sisi wavulana wote wa mtaa tulikifanya choo. Mkojo ulitoka kawaida, kisha matone ya mwisho yakawa mekundu. Nikashtuka. Mwenzangu aliyesimama kando akachungulia, akacheka, akanipiga begani. "Ushakuwa mwanaume wewe," akaniambia. Wengine wakaja kuangalia, wakakubaliana naye. Ati hata kaka zao walipitia hivyo hivyo. Jioni ile nilitembea kifua mbele.

Mwaka huo huo, katika nyumba hiyo hiyo, dadangu, yaani mtoto wa mama mdogo ambaye tumepishana naye miezi michache tu, aliona damu kwenye nguo yake. Yeye hakutembea kifua mbele. Alichana leso kuukuu, akajifunga, akalala siku mbili akisema tumbo linamuuma. Alikuja kunisimulia tukiwa watu wazima kwamba usiku ule wa kwanza alikuwa anaiaga dunia kimoyomoyo. Alidhani kuna kitu kimepasuka ndani yake.

Sasa fanya hesabu. Mimi nilikuwa mgonjwa nikadhani ninakua. Yeye alikuwa anakua akadhani ni mgonjwa. Nyumba moja, watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametuambia lolote.

Ugonjwa wangu unaitwa kichocho. Niliishi nao zaidi ya mwaka mzima huku nikijisifu, mpaka siku moja tukiwa safarini mjomba akaona mkojo wangu kando ya barabara, akanishika mkono hadi zahanati. Nikapimwa, nikapandishwa kwenye mizani, nikapewa vidonge nikavimeza pale pale. Basi. Mwaka mzima wa damu, na tiba yake ilikuwa ya siku moja.

Nimeandika mambo mengi kwenye ukurasa huu, ya muziki, ya mapenzi, ya kutafuta kazi mjini. Hili nimelikwepa kwa sababu linaaibisha. Lakini juzi nilirudi Minjila, nikakuta watoto wa rika letu la wakati ule wakiogelea mahali pale pale, na nikajua stori yangu bado inaendelea na miili mingine. Kwa hivyo leo nasema wazi: mtoto anafaa kuambiwa kuhusu kubalehe kabla hajabalehe, msichana na mvulana, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na katika sehemu kama Minjila somo hilo lazima liwe na habari ya kichocho ndani yake. Tukimwambia baadaye tutakuwa tunamtibu, hatumfundishi.

Kwa asiyeijua Minjila, ukitoka Malindi kuelekea kaskazini ndipo barabara inapogawanyika. Mkono mmoja unaenda Garsen, Hola hadi Garissa. Mwingine unashika Gamba, Witu hadi Lamu. Mabasi husimama, abiria hununua maji na maembe, malori hupumzika, bodaboda hujipanga. Ni kaunti ya Tana River, eneo la Tana Delta, na huko Wapokomo, Waorma, Wawardei na Wagiriama wanaishi jirani. Maisha ya wote hao yanafuata maji. Mto ukipungua watu wanachimba, wanachota, wananywesha mifugo. Mto ukifurika wanahama, kama walivyohama maelfu mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Maji yakirudi nyuma yanaacha madimbwi na mabwawa yenye majani, yametulia, yanavutia. Mtoto gani wa pwani ataona maji kama yale kwenye jua la saa saba asiruke?

Tulionywa kuhusu mamba. Tulionywa kuhusu viboko. Hakuna aliyetuonya kuhusu konokono.

Konokono ndiye anayehusika. Mdudu wa kichocho cha kibofu huishi kwanza ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, wanaopenda maji yanayotembea polepole. Akitoka humo huogelea, na akikutana na ngozi ya binadamu hupenya bila wewe kuhisi jambo kubwa. Ndani ya mwili hukua akawa mnyoo, akakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, akataga mayai. Mayai yana mwiba. Yanachoma ukuta wa kibofu ili yatoke, na ndiyo maana damu inaonekana hasa mwisho wa kukojoa. Mtoto akikojoa ndani ya maji au kandokando yake, mayai yanarudi mtoni, yanaanguliwa, yanatafuta konokono mwingine, na mzunguko unaanza upya. Kile kichaka chetu kilikuwa hatua chache kutoka kwenye maji. Tulikuwa tunaambukizana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa, mbona tulidhani ni kubalehe? Kwa sababu kinawapata zaidi watoto wa umri ule ule ambao mwili unaanza kubadilika, kati ya miaka 8 na 15, wanaocheza majini kila siku. Ukiona wavulana wengi wa miaka 12 wanakojoa damu, na hakuna mtu mzima anayeeleza, utaunda maelezo yako. Na kulikuwa na mantiki yake: wasichana wanaona damu wakikua, basi na sisi yetu ndiyo hii. Wala si Minjila pekee. Sehemu mbalimbali za Afrika zenye kichocho kimekuwa kikichukuliwa kama hedhi ya wavulana. Watoto hawakuwa wajinga. Waliachwa peke yao na swali gumu, wakalijibu walivyoweza.

Hebu basi tuseme mambo kama yalivyo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokata, na mimi si daktari. Lakini haya ni mambo ya msingi ambayo wahudumu wa afya wanayasema kila siku, na nimeyasoma na kuyauliza mpaka nikaridhika.

Wewe msichana. Kubalehe kwako kunaweza kuanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Ubongo unatuma ujumbe kwa tezi ndogo iliyo chini yake, nayo inaziamsha ovari, na homoni inayoitwa estrojeni inaanza kazi. Matiti kwanza, mara nyingi upande mmoja ukitangulia, na hilo si ugonjwa. Kisha nywele za kwapani na za sehemu za siri, kurefuka, nyonga kupanuka, chunusi. Hedhi huja baadaye, mara nyingi miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza. Hapo ndipo wakubwa wanasema umevunja ungo.

Damu ya hedhi inatoka kwa sababu nyumba ya uzazi ilijitayarisha kupokea mimba, mimba haikuja, ikavua utando wake. Inachukua siku 2 hadi 7. Kwa jumla ni kama vijiko vichache vya chakula, hata kama kwenye nguo inaonekana kama umechinjwa. Mwaka wa kwanza na wa pili inaweza kuchelewa au kuruka, siku 21 au siku 45, usihangaike. Sodo ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 8. Ukitumia kitambaa, hakuna ubaya, kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani. Nasema juani kwa sababu najua wengi wanakianika chini ya godoro kwa aibu, kinakaa na unyevu, kinaleta maambukizi. Aibu hiyo ndiyo inayomgonjeza msichana, na kitambaa kinasingiziwa bure.

Maumivu ya tumbo ni ya kawaida. Kitambaa cha moto na dawa ya kawaida ya maumivu husaidia. Lakini ukijaza sodo nzima kila saa, au damu ikapita siku 8, au ukafika miaka 15 bila kuona hedhi, nenda kwa mhudumu wa afya. Na jambo moja ambalo wasichana wengi hawaambiwi: yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Yaani msichana anaweza kushika mimba kabla hajaona damu hata siku moja.

Wewe mvulana. Kwako kunaanza kati ya miaka 9 na 14. Dalili ya kwanza ni korodani kukua, ambayo wengi hawaitambui hata kidogo. Kisha uume, nywele, sauti kukwaruza kama redio yenye betri mbovu, mabega, jasho lenye harufu, chunusi. Unaweza kuamka umelowa shahawa. Hizo ni ndoto nyevu. Hujakojoa kitandani, hujarogwa, hujafanya dhambi. Wengi wenu mtaona kifua kinavimba nyuma ya chuchu na kinauma kikiguswa. Ni homoni, mara nyingi huisha chenyewe katika miezi kadhaa hadi miaka miwili. Hugeuki kuwa mwanamke.

Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea mimi: hakuna hatua yoyote ya kubalehe inayomfanya mvulana akojoe damu. Hakuna. Ukiona damu kwenye mkojo, hata kidogo, hata mara moja, hata kama marafiki zako wote wanaiona, huo ni ugonjwa. Nenda ukapimwe. Mkojo mzuri wa kupima kichocho ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Dawa inaitwa prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito wako. Inaua minyoo iliyomo ila haikukingi. Ukirudi majini unaweza kukipata tena, na utahitaji kupimwa tena.

Ukikiacha, kichocho hakikai kimya. Kinaleta upungufu wa damu, kinachosha mwili, mtoto anadorora darasani. Kikikaa miaka mingi kinaharibu kibofu na figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa wasichana kina sura nyingine ambayo inaniuma zaidi kuiandika. Mayai yale yale huweza kukwama kwenye njia ya uzazi. Yanaleta mwasho, uchafu, maumivu, damu isiyo ya hedhi, na baadaye shida ya kushika mimba. Vidonda vyake pia vinarahisisha virusi vya Ukimwi kuingia. Lakini fikiria msichana wa miaka 13 anayemwendea mtu mzima na dalili hizo. Mtu mzima asiyejua atafikiria zinaa mara moja. "Umekuwa wapi? Na nani?" Mtoto aliyepata ugonjwa kwa kuchota maji ya nyumbani anageuzwa mhalifu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria wanawake na wasichana milioni 56 wana kichocho cha sehemu za uzazi, na wengi wao wako Afrika. Ni wangapi kati yao walipigwa kabla ya kupimwa?

Basi tuulize, nani anafaa kuwaambia watoto haya? Nikiuliza wazazi Minjila, wanasema shule. Nikiuliza walimu, wanasema wazazi. Na wote wakibanwa wanasema mila na dini haziruhusu. Nitajibu moja moja, kwa heshima.

Mila kwanza. Kwa Waswahili wa pwani, msichana alipovunja ungo alikuwa na somo wake, na palikuwa na kungwi. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kusema. Alieleza damu ni nini, usafi unafanywaje, mwili unatunzwaje. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwao alijulikana pia kwa unyago, mafunzo ya wasichana. Sitetei kila kilichofunzwa huko, mengine yalimwandaa mtoto kwa ndoa badala ya maisha yake. Ninachosema ni kwamba wazee wetu waliona haja ya kuwa na mtu maalum wa kuongea. Sisi tumemwondoa mtu huyo na kukiacha kiti chake kitupu, halafu tunauita ukimya wetu mila. Ukimya huu hatukuurithi kwao.

Dini je? Aliyesoma madrasa anajua kwamba somo la fiqhi huanza na twahara. Mtoto anafunzwa hedhi ni nini, inaisha lini, janaba ni nini, kuoga kwake kunakuwaje. Ustadhi anayasema mbele ya watoto bila kucheka, kwa sababu swala inategemea hayo. Kama yanasemwa kwa ajili ya swala, hayawezi kuwa matusi yakisemwa kwa ajili ya afya. Na kanisani vivyo hivyo: kiongozi anayeweza kuhubiri dhidi ya mimba za mapema anaweza pia kuruhusu muuguzi aongee na vijana kwa saa moja Jumamosi.

Hofu ya tatu ndiyo kubwa: ati ukiwaambia watoto kuhusu mwili unawaonjesha ngono. Naielewa hofu hiyo, mzazi ana haki ya kuwa nayo. Lakini imechunguzwa. UNESCO ilipokusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa mwaka 2018, ilionekana kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Mengine hayahitaji hata utafiti. Mimi sikuambiwa lolote na nyumba yetu haikuwa salama zaidi kwa hilo.

Isitoshe, watoto wanaambiwa tayari. Simu inawaambia. Naishi kwa kuandika mtandaoni, najua ninachokisema: huku kinachosambaa ni kile kinachoshtua, na picha chafu haina haja ya kushawishi mtu, inajileta yenyewe. Mvulana wa Minjila mwenye simu ya mkopo na bando ya shilingi kumi anaweza kuona mwili wa mtu mzima kabla hajajua jina la kiungo chake mwenyewe kwa Kiswahili. Tusidanganyane kwamba tukinyamaza anabaki bila mwalimu.

Upande wa serikali, tusiseme haijafanya kitu. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo mwaka 2004, kabla ya nchi nyingi tajiri kufikiria hilo. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa, ikasema kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha, zenye ubora, na pawe na njia salama ya kuzitupa. Ni sheria nzuri, na wasichana wa Tana River wana haki ya kuidai neno kwa neno, hasa pale "za kutosha". Mtaala mpya nao una mada ya uzazi wa binadamu katika Sayansi Jumuishi kule sekondari msingi.

Lakini angalia umri. Mwanafunzi wa Gredi ya Saba ana miaka 12 au 13 akienda sambamba na darasa lake. Kubalehe kunaanza kuanzia miaka 8. Na watoto wa huku hawaendi sambamba. Mafuriko yanafunga shule, ukame unahamisha familia za wafugaji, mwaka unapotea hivi hivi. Utakuta msichana wa miaka 14 yuko Gredi ya Tano. Somo likimsubiri sekondari msingi, mwili wake haukulisubiri.

Na pakiti ya sodo bila neno ni nusu ya msaada. Pale Minjila nimemwona muuza duka akifunga sodo kwa gazeti, mara mbili, kama anayeficha bangi, kabla ya kumpa msichana. Zamani alikuwa anatumia mfuko mweusi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017 akahamia gazeti. Hana nia mbaya, anamsitiri mteja wake. Ila msichana anajifunza jambo pale kwenye kaunta: kitu hiki ni cha kufichwa. Na mvulana aliye nyuma yake kwenye foleni naye anajifunza: kitu hiki ni cha kuchekwa.

Mvulana huyo akikua anakwenda mbali. Februari 14, 2023, seneta maalum wakati huo, Gloria Orwoba, aliingia Seneti suruali yake nyeupe ikiwa na doa jekundu. Wenzake walilalamika, Spika akamwomba atoke akabadilishe nguo. Pakawa na mjadala kama doa lilikuwa la kweli au la maonyesho. Mimi nilibaki na jambo moja: watu wazima, wabunge, wenye mabinti nyumbani, walitikiswa na doa. Sasa mwambie msichana wa Gredi ya Sita asimame aandike ubaoni huku wavulana arobaini wako nyuma yake. Ndiyo maana nasema wavulana wasitolewe nje somo hili likianza. Desturi ya kuwatuma wakacheze mpira huku wasichana wanaongea na "mwalimu wa kike" ndiyo inayotengeneza vicheko. Kaeni nao darasani, kisha kila upande upate pia muda wake wa faragha wa kuuliza.

Kuna la mwisho, na hili ni la watu wazima wa steji. Msichana kuvunja ungo hakumaanishi amekuwa mwanamke. Mwili umeanza safari, haujafika. Nyonga bado inakua, na kuzaa katika umri huo kunaweza kumletea uchungu wa muda mrefu, nasuri, hata kifo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, kwa dini zote na mila zote. Ukeketaji umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, na kaunti yetu ni moja ya zile zinazotajwa kwamba bado unafanyika. Ngono na mtoto ni kosa la jinai, hata kama alipewa lifti, hata kama alinunuliwa chipsi na sodo. Ndiyo, sodo. Msichana asiye na shilingi mia za kununua pakiti ananunuliwa na mtu, na mtu huyo anarudi kudai. Kijana ukiwa kwenye hali hiyo, au ukimjua aliye humo, namba ya 116 ni ya watoto, haitozi kitu.

Sasa tufanye nini? Siombi mradi wenye magari na fulana. Naomba mambo manne.

Shule za Minjila, Garsen na vijiji vyote vya delta: saa moja kila muhula kuanzia Gredi ya Nne, wavulana na wasichana, kubalehe na kichocho katika somo moja, na muuguzi wa zahanati ya karibu aalikwe. Pawe na kisanduku cha maswali yasiyo na majina, kwa sababu swali la kweli halisemwi kwa mdomo siku ya kwanza. Yanayowezekana tumeyaona Zanzibar. Huko watoto wa shule walifundishwa kichocho kwa kijitabu cha picha, Juma na Kichocho, kwa Kiswahili, mkojo ukiitwa mkojo, na hakuna aliyedhurika kwa kuusoma.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba wakatembelee nyumba: mkiingia nyumba yenye mtoto wa miaka 8 hadi 15, ulizeni swali moja la ziada. Mkojo wake uko vipi? Mama atajua la kufanya na jibu lake.

Wazazi: hamhitaji hotuba. Dakika tano jikoni, au mkichunga, au njiani kwenda shambani. "Siku moja utaona hivi, usiogope, njoo uniambie." Sentensi hiyo moja ingempa dadangu usingizi.

Na wewe kijana unayesoma hapa, mwambie mdogo wako. Wewe ndiwe somo wake sasa, upende usipende. Lile kosa la kichakani lilienea kwa sababu kila mkubwa alimrithisha mdogo wake. Ukweli nao utaenea kwa njia hiyo hiyo.

Mimi nimeanza. Ile juzi niliyorudi, kitinda mimba wa mama mdogo, ana miaka 11, alikuja amelowa chapachapa kutoka bwawani. Nikamngoja aoge, tukakaa nje ya nyumba. Nikaanza na sauti na chunusi, kwa sababu hayo ni mepesi. Kisha nikamuuliza kuhusu mkojo. Akaangalia chini, akachora mchanga kwa kidole, muda mrefu hivi.

"Kaka," akasema, "kwani wewe ilikutoka ukiwa na miaka mingapi?"

Kesho yake asubuhi tulipanda bodaboda, tukawa zahanati kabla ya saa tano.